Bia Inayoitwa Senator: nani hasa aliiuza kwa vijana?

Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme vijana wamemalizwa na pombe. Makofi. Anayefuata anasema baa zifungwe, ibaki moja kwa kila mji. Makofi tena. Wa tatu anasema makosa ni ya serikali, imepandisha ushuru mpaka watu wanakunywa sumu. Makofi zaidi, na wanaopiga ni wale wale. Leo nataka tuchukue bia moja tu tuifuate tangu mwanzo, kwa sababu hoja zote tatu ziko ndani ya kikombe chake. Sheria ya uzi wetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

Bia yenyewe ni Senator, ile ya keg. Ukisoma chuo chochote nchi hii unajua iko wapi: banda la mabati nyuma ya hosteli, pipa la chuma chini ya kaunta, vikombe vya plastiki, na foleni siku ambayo pesa za HELB zimeingia. Wasomi wa biashara wanapenda kuisimulia kama muujiza wa soko, kampuni iliyomwelewa mtu wa kipato cha chini. Mimi nasoma siasa, naiona tofauti kidogo. Senator haikuhitaji mabango mengi. Iliuzwa na sheria ya ushuru. Muuzaji wake mkubwa kuliko wote alikuwa Bunge.

Lakini kwanza turudi nyuma, kwa sababu bia Kenya haijawahi kuwa kinywaji tu.

Kampuni ya bia ilianza Nairobi 1922. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi, na mwaka uliofuata George akauawa na ndovu akiwa mawindoni. Ndiyo maana Tusker ina ndovu. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Ile ambayo haisimuliwi sana ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinunua. Hadi miaka ya 1940, bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika wa Nairobi alitengewa ukumbi wa pombe wa manispaa kule Pumwani, ambako halmashauri ndiyo iliuza pombe ya kienyeji na faida ikalipia huduma za mitaa ya Waafrika. Yaani ulewe ndio ujengewe. Anayepika chang'aa au busaa kwake nyumbani anakamatwa, na kosa lake kubwa, ukiangalia vizuri, ni kuishindania serikali biashara.

Kwa hivyo marufuku ilipoondolewa, chupa ya bia ikawa na maana kubwa kuliko kilichomo ndani. Ilikuwa cheti. Kuketi mezani na chupa yenye lebo ni kusema mimi si wa ukumbi wa manispaa tena. Tusker iliishi na hiyo heshima kwa miongo mingi, hata ikafika mahali pa kujitangaza kwa maneno "Bia yangu, nchi yangu". Fikiria hayo maneno. Hiyo ni lugha ya kura zaidi ya lugha ya kiu.

Guinness nayo ilikuja na njia yake. Hii ndiyo bia kali ya chupa, nyeusi, chungu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilihitaji vijana wa Afrika. Mwaka 1999 wakatuletea Michael Power, mwanahabari shujaa anayeokoa watu kwenye matangazo mafupi ya runinga na redio. Mwigizaji wake, Cleveland Mitchell, alizaliwa Jamaika akakulia Uingereza, na mji alimoishi Power haukuwahi kutajwa nchi yake, ili kijana wa Lagos na wa Nairobi kila mmoja amwone ni wake. Mwaka 2003 wakatoa filamu nzima, Critical Assignment. Unajua inahusu nini? Waziri mfisadi anayetaka kugeuza pesa za maji ya wananchi kuwa za silaha, na shujaa wetu anamfichua. Kampuni ya bia ilifadhili filamu ya kupinga ufisadi kabla ya wengi wetu kujifunza kusema neno uwajibikaji. Mpaka leo naona lilikuwa tangazo la akili nyingi: hawakumwambia kijana kunywa utamu. Walimwambia wewe una nguvu, na wakubwa wako wamekuangusha.

Shida ni kwamba nguvu hiyo ilikuwa na bei. Kijana wa mjengo au wa Mukuru angeweza kumtazama Michael Power bure, lakini chupa yenyewe hakuweza.

Sasa ndipo tunafika.

Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa na sheria ya 1980. Haikuisha, ilijificha tu. Na kitu kikijificha hakuna anayekipima. Novemba 2000, mtaa wa Mukuru Kaiyaba hapa Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ni hiyo hiyo ya viwandani. Mwili ukiivunja inageuka sumu inayoshambulia mshipa wa macho kwanza, ndiyo maana manusura wengi husimulia giza. Pombe hizo ziliitwa kumi kumi kwa sababu kikombe kilikuwa shilingi kumi. Jina lake lilikuwa bei yake. Kama unataka somo la masoko, liko hapo.

Kampuni ya bia ililisoma. Hoja waliyoipeleka serikalini ilikuwa rahisi: mtu wa kumi kumi hatahamia bia ya chupa hata mkimhubiria, kwa sababu sehemu kubwa ya bei ya chupa ni ushuru. Tupunguzieni ushuru kwa bia moja maalum, tutampa kitu safi kwa bei anayoiweza. Serikali ikakubali. Mwaka 2004 Senator ikazaliwa na punguzo la ushuru wa bidhaa, na kufikia 2006 ile ya keg ilikuwa imesamehewa ushuru huo wote.

Hapa wacha nicheke kidogo kuhusu jina. Mwaka 2004 Kenya haikuwa na seneta hata mmoja. Seneti yetu ilivunjwa 1966 na haikurudi mpaka 2013. Bia ikapewa cheo ambacho hakikuwepo nchini, ikauzwa kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kukutana na mwenye cheo hicho. Na Novemba mwaka ule ule, kule Illinois, Marekani, kijana mmoja ambaye babake alikuwa Mkenya akachaguliwa seneta. Mtaani haikuchukua muda. Watu waliacha kuagiza kwa jina la kampuni, wakawa wanaagiza kwa jina lake. Sitalitaja maana nimesema hatutaji wanasiasa, na hata wa ng'ambo ni wanasiasa, lakini nyote mnalijua. Hakuna idara ya matangazo ambayo ingeweza kununua kitu kama hicho. Alipotembelea Kogelo mwaka 2006 angali seneta, bia ilikuwa imeshamtangulia.

Jina peke yake lakini haliuzi miaka ishirini. Angalia namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Msamaha wa ushuru ulihusu bia iliyo kwenye vyombo vikubwa vyenye mgandamizo, si chupa. Hiyo maana yake hakuna gharama ya chupa, lebo, kifuniko wala kreti. Pipa likiisha linarudi. Lakini maana nyingine ni kwamba huwezi kuinunua ukaenda nayo kwako uinywe polepole. Lazima ukae pale, na wenzako. Na pipa likishafunguliwa bia haikai siku nyingi kabla haijaharibika, kwa hivyo mwenye banda ana haraka ya kuuza, anaongeza benchi, anaweka runinga ya mpira, anakujua kwa jina. Sheria ya ushuru, bila kukusudia, ilitengeneza baraza. Wazee walikuwa na kivuli cha mti, vijana wakapata keg. Ukitaka kusikia siasa ya mtaa kabla haijafika kwa magazeti, nenda pale saa kumi na moja jioni.

Na bei. Bia za chupa bei yake inategemea uko baa gani. Keg bei yake inajulikana na kila mtu, iko ukutani, na mwuzaji akizidisha anaulizwa. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kujua bei kabla hujaondoka nyumbani ni kitu kikubwa, anahesabu nauli, unga, na kikombe kimoja au viwili. Halafu ina nguvu kuliko Tusker, ambayo ni asilimia 4.2 ya kilevi. Kwa hesabu ya kijana asiye na pesa, na tusijifanye hatujui hesabu hiyo, bei ikigawanywa kwa kilevi Senator ilishinda chupa zote.

Kuna nguvu moja zaidi ya soko ambayo haiko kwenye vitabu vya biashara. Pipa ni zawadi nzuri sana ya kampeni. Huwezi kumpa kila kijana chupa bila kuhesabu, lakini unaweza kulipia pipa zima ukasema ni ya mheshimiwa, kisha ukaondoka kabla ya maswali. Wanaosimama majukwaani wakisema vijana wamemalizwa na pombe, waulizeni nani alilipia pipa wiki ile ya mchujo.

Sasa 2013. Serikali ilikuwa inatafuta pesa, na msamaha wa ushuru ni pesa ambayo haijakusanywa. Ukapunguzwa kutoka asilimia 100 hadi 50. Bei ya kikombe ikapanda karibu maradufu na mauzo ya Senator yakaanguka kwa zaidi ya nusu. Kwa vipimo vya biashara hiyo ni ajali mbaya. Ina maana ule upendo wote wa jina, benchi, runinga na baraza ulisimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa mstari mmoja wa sheria.

Mei 2014, miezi saba hivi baadaye, makumi ya watu walikufa kwa methanoli katika kaunti kadhaa, Embu, Kitui, Kiambu, Makueni. Hoja ikaanza siku hiyo hiyo na haijaisha: mliongeza ushuru, mkawasukuma kwenye sumu.

Hii ndiyo hoja ya yule mzungumzaji wa tatu, na nataka tuipime bila hasira. Ina ukweli. Watu waliokuwa wanakunywa Senator hawakuamka kesho yake wakawa wanakunywa maji. Lakini kumbuka Machakos, 2005. Makumi ya watu walikufa kwa methanoli wakati Senator ishaingia sokoni na punguzo lake. Na Februari 2024, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa wakati nafuu ya keg ilikuwa imesharudishwa zamani, na iliripotiwa kwamba kinywaji kilitoka kwenye vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa kituo cha polisi. Hebu soma hiyo mara mbili. Hapo ushuru haukuwa na kazi yoyote. Kwa hivyo anayesema bia ya bei nafuu inazuia vifo anasema nusu. Bei inaweza kupunguza wanunuzi wa sumu. Anayezuia sumu yenyewe isiuzwe ni mkaguzi na polisi, na hao hawako kwenye pipa.

Nusu nyingine ya hoja ilikuwa ya mkulima, na hii ndiyo iliyoshinda. Senator haitengenezwi kwa shayiri nyingi kama ndugu zake, inategemea mtama. Siaya, Homa Bay, Busia, Tharaka Nithi, Kitui, sehemu ambazo mtama ulikuwa chakula cha kuonewa aibu, ghafla ukawa na mnunuzi. Mauzo yalipoanguka 2013 mkulima naye akaanguka. Mkulima ana mbunge. Mlevi hana, au anaye lakini hatamtetea hadharani. Mwaka 2015 nafuu ikarudi, asilimia 90, kwa bia ya mtama, wimbi au mihogo ya hapa nchini. Mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa upya kwa mabilioni ya shilingi, na keg ndiyo kazi yake.

Sisemi ni vibaya. Mtama wenye soko ni jambo jema, na nina watu wa kwetu waliosomesha watoto nao. Nasema tu tuone kilichotokea: bia iliyoanza kama dawa ya kumi kumi ikawa sera ya kilimo. Sasa hakuna anayeweza kuigusa. Ukisema ushuru upande, unashambulia mkulima. Ukisema ushuke, unaua vijana. Kampuni imeketi katikati, kimya, na haihitaji kununua tangazo.

Wakati huo huo sheria ya 2010 ilikuwa imefanya mambo mengine. Ilifuta marufuku ya chang'aa ya 1980 ili ipikwe kihalali na ipimwe, ikaweka saa za baa, kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, ikazuia pombe kwenye pakiti ndogo za plastiki na ikataka chupa ya pombe kali isipungue mililita 250. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupa robo, kile kichupa kinachoingia mfukoni mwa koti. Nia ilikuwa kumzuia mtoto wa shule asinunue kwa shilingi ishirini. Matokeo yake ni kwamba kijana ambaye angenunua tone sasa anachanga na mwenzake wananunua robo nzima, na ikishafunguliwa inamalizwa.

Hapa ndipo naona mjadala wetu uko nyuma ya wakati. Tunabishana kuhusu keg, kumbe vijana wengi wa umri wangu wanaihama. Darasani kwetu kuna jamaa, sitasema ni nani, alianza na keg mwaka wa kwanza kama wengi. Mwaka wa pili alikuwa wa robo. Hakubadilika tabia, alibadilisha hesabu. Aliniambia keg inachukua jioni nzima na bado unaenda chooni mara nne, robo inachukua dakika ishirini na umemaliza. Mitihani ya muhula wa pili hakuifanya.

Hesabu yake iko kwenye sheria. Mpaka mwisho wa 2024 bia ililipa ushuru kwa lita, shilingi 142.44, iwe kali iwe nyepesi. Desemba 2024 mfumo ukabadilishwa, sasa ushuru unafuata kilevi chenyewe: bia shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kilevi halisi, pombe kali shilingi 10. Chukua kalamu. Robo ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina sentilita 10 za kilevi. Ushuru wake ni shilingi 100. Kilevi hicho hicho ukitake kwa Tusker unahitaji karibu chupa tano za nusu lita, na ushuru wake ni shilingi 225. Kutoza kwa kilevi ni wazo zuri, lingeweza kumsukuma mtu kwenye kinywaji chepesi. Ila viwango viwili vimewekwa kinyume, chenye kasi ya kulewesha ndicho kimepewa bei ya huruma. Keg ina nafuu yake bado, kwa hivyo iko salama. Lakini hakuna mkulima wa robo, hakuna baraza la robo, hakuna mtu wa kukuambia imetosha twende.

Mwaka 2025 sera ya kitaifa ikapendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na watu maarufu wasitumike kutangaza pombe. Mlipuko mliouona hapa mtandaoni ulikuwa karibu wote kuhusu umri: anaweza kupiga kura lakini hawezi kunywa? Swali zuri la mdahalo, nimelijadili mwenyewe mpaka usiku. Kuhusu zile shilingi 10 na 22.50 sikuona mtu akipaza sauti. Na kijana wa banda la mabati, wa miaka 19 au 22, hakuwahi kuuzwa na mtu maarufu. Aliuzwa na bei.

Mswada wa Fedha huletwa kila mwaka karibu mwisho wa Aprili, na unatakiwa upitie maoni ya umma. Ukiufungua, ruka hotuba, nenda jedwali la kwanza la ushuru wa bidhaa, tafuta mstari wa bia na mstari wa pombe kali, uviweke pamoja. Kisha mpigie mbunge wako umuulize kwa nini viko hivyo. Akikujibu kuhusu maadili ya vijana, muulize tena.

Uzi ujao tunaingia kwa leseni za baa, ambazo tangu katiba ya 2010 ni kazi ya kaunti, na kwa nini yule wa baa moja kwa kila mji anaahidi kitu ambacho si chake.